Habari ibaki, jina lipumzike: barua ya wazi kuhusu habari za zamani mtandaoni

Kwa Bodi na watendaji wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi,
Kwa wahariri watendaji wa magazeti yenye hifadhi mtandaoni,
Kwa wasimamizi wa tovuti ya hukumu za mahakama zetu,

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkutubi, na kazi yangu ni magazeti ya zamani. Kwa muda mrefu watu waliofika mezani kwangu walikuwa wanatafuta kitu: mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu vijiji vya ujamaa, wakili anayetaka tangazo la Gazeti la Serikali, mzee anayetaka kuiona tena picha ya timu yake ya miaka ya sabini. Siku hizi wanakuja na wengine, na hawa wanataka kitu kiondolewe. Wananiuliza mimi kwa sababu hawajui pa kwenda. Sina mamlaka ya kugusa hata herufi moja iliyo kwenye tovuti ya gazeti, ndiyo maana nawaandikia ninyi wenye mamlaka hayo.

Ombi langu ni moja. Acheni habari za zamani zibaki kama zilivyoandikwa, lakini wekeni utaratibu ulio wazi ambao mwananchi wa kawaida ataweza kuutumia kuomba jina lake lisiwe tena njia ya kuifikia habari iliyokwisha kazi yake. Leo utaratibu huo haupo. Kilichopo ni kupuuzwa kwa wanyonge na kusikilizwa kwa wenye namba za simu za wakubwa.

Niwaeleze kwanza ni mambo ya aina gani, maana suala hili likitajwa juu juu hudhaniwa ni la watu wenye siri nzito.

Mnalijua tangazo la mwajiri. Juu kuna picha ya pasipoti, chini yake jina kamili, kisha maelezo kwamba aliyeonekana pichani si mfanyakazi wetu tena na yeyote atakayefanya naye shughuli kwa niaba ya kampuni atakuwa amejitakia mwenyewe. Tangazo halisemi aliiba. Halisemi pia kwamba aliacha kazi kwa hiari yake. Msomaji hujijazia. Lilipotoka kwenye karatasi lilikuwa na kazi ya kuwatahadharisha wateja wa mwezi ule. Miaka ikipita, kampuni yenyewe inaweza kuwa imefungwa, lakini picha ile bado ndiyo inayotangulia kutokea pale mwajiri mpya anapoandika jina la mwombaji kazi kwenye Google.

Kuna habari za kukamatwa, na hizi ndizo zinazoniumiza zaidi. Kamanda anaita waandishi, watuhumiwa wanapangwa mstari, picha zinapigwa, majina, umri na makazi yao vinasomwa. Msako wa wazururaji, msako wa dada poa, msako wa wapika gongo. Kesho yake habari iko gazetini na mtandaoni. Halafu jalada linakwenda kwa waendesha mashtaka, ushahidi unaonekana hautoshi, watu wanaachiwa. Siku hiyo hakuna mwandishi anayeitwa. Nimezisoma habari za namna hii za miaka mingi nyuma. Kila neno lililomo ni kweli kuhusu siku ile, maana mtu huyo alikamatwa kweli, na hata hivyo habari nzima inamsingizia mpaka leo kwa sababu nusu ya pili haikuandikwa kamwe.

Yako pia matangazo ya kupotelewa: mtoto alipatikana kitambo, sasa ni mtu mzima, na sura yake ya utotoni pamoja na namba ya simu ya mama yake bado ziko hewani. Yapo matokeo ya darasa la saba ya miaka iliyopita, yenye majina kamili ya watoto, shule zao na daraja la kila somo. Mtoto wa miaka kumi na tatu hakuulizwa kama anataka D yake ya Hisabati imfuate ukubwani.

Kwenye karatasi mambo haya yote yalikuwepo. Tofauti ni kwamba gazeti la kabatini halifunguki kwa jina la mtu. Ni lazima ujue tarehe, au ukubali kukaa siku nzima ukifunua kurasa. Kwa nyaraka za serikali sisi wenyewe tulishakubali kwamba muda una maana: Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kabla nyaraka hazijafunguliwa kwa umma. Serikali imejipa miaka 30. Muuza gongo wa Manzese, ambaye hata mahakamani hakufikishwa, hakupewa hata wiki moja.

Wenzetu wameshapambana na jambo hili, na si vibaya kuyatazama waliyoyapitia.

Mwaka 1998 gazeti la La Vanguardia la Barcelona lilichapisha matangazo mawili madogo ya mnada wa mali kwa ajili ya deni la hifadhi ya jamii. Mmoja wa waliotajwa alikuwa Mario Costeja González. Deni lilikwisha, lakini gazeti lilipoweka kurasa zake za zamani mtandaoni, kila aliyelitafuta jina lake alikutana na mnada ule. Mwaka 2009 aliliomba gazeti, likakataa, kwa hoja kwamba tangazo lilitolewa kwa agizo la serikali. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Hispania iliona gazeti lina haki ya kubaki na tangazo lake, ila Google ndiyo iache kulileta mtu anapotafuta kwa jina lake. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali. Naomba mlizingatie hilo: gazeti halikuamriwa kufuta chochote. Ukitaka kusoma minada ya Hispania ya mwaka 1998, bado unaisoma.

Ubelgiji walikwenda hatua moja zaidi. Gazeti la Le Soir liliandika mwaka 1994 kuhusu ajali ya gari iliyoua watu wawili, likamtaja dereva kwa jina. Dereva alihukumiwa, akatumikia adhabu, na mwaka 2006 akasafishwa kisheria. Mwaka 2008 Le Soir likafungua hifadhi yake yote mtandaoni bure. Alikuwa daktari, na wagonjwa wake wakawa wanakutana na ajali ile. Mahakama za Ubelgiji ziliamuru nakala ya mtandaoni iweke herufi X mahali pa jina lake. Mchapishaji alipinga mpaka kwenye Baraza Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na tarehe 4 Julai 2023 majaji 12 dhidi ya 5 waliona uhuru wa habari haukuvunjwa. Nakala ya asili ilibaki kamili, na mtafiti anayeihitaji anaweza kuiomba. Majaji waliorodhesha mambo ya kupima: aina ya habari, muda uliopita, kama habari ina maana kwa jamii ya leo, kama mtu ni maarufu, madhara anayoyapata, urahisi wa kuifikia, na athari kwa uhuru wa vyombo vya habari. Orodha hiyo inaweza kutafsiriwa na kuanza kutumika Dodoma kesho asubuhi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Kanada, kwa sababu unahusu hukumu za mahakama. Tovuti ya hukumu za nchi hiyo, CanLII, iko wazi kwa kila mtu, lakini inazizuia injini za utafutaji kuorodhesha maandishi ya hukumu zenyewe. Ukitaka kusoma hukumu unaingia kwenye tovuti na kuitafuta humo. Ukiandika jina la jirani yako kwenye Google, kesi yake ya talaka haiji. Halafu mtu mmoja huko Romania akanakili hukumu hizo, akaziweka kwenye tovuti iitwayo Globe24h iliyoachwa wazi kwa Google, na akaanza kuwatoza pesa waliotaka majina yao yaondolewe haraka. Mwaka 2017 Mahakama ya Shirikisho ya Kanada ilimwamuru aziondoe na amlipe mlalamikaji dola 5,000. Hapo ndipo tunapoona jina lililoachwa wazi linavyoweza kugeuzwa bidhaa. Na sisi tuna tovuti zinazonakili magazeti neno kwa neno.

Baadhi yenu mtasema, basi mtu aiombe Google. Haitoshi. Tarehe 24 Septemba 2019 mahakama ileile ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Google halazimiki kuondoa matokeo nje ya nchi za Umoja huo. Mkazi wa Temeke haimhusu hukumu ya mahakama hiyo ya Luxembourg. Kwa hiyo kama kuna mlango wa kufunga, ufungwe hapa kwetu, kwenye tovuti yenyewe. Ni kazi ndogo kwa fundi: mstari mmoja wa maelekezo kwenye ukurasa unaoziambia injini za utafutaji zisiuorodheshe. Injini kubwa huutii. Habari inabaki palepale, kwa tarehe ileile, na msomaji wa hifadhi ya gazeti anaipata. Sitadai kwamba hilo linamaliza kila kitu, maana nakala nyingine ziko kwingine, ila ndilo linalomsaidia mtu siku ya usaili wa kazi.

Sasa niseme upande wa pili, na hapa nazungumza kama mtunza kumbukumbu anayeogopa kwa dhati.

Kumbukumbu za nchi hii zinaweza kuliwa na huruma isiyo na mipaka. Nimewahi kutafuta mtandaoni habari ambayo toleo lake la karatasi ninalo kabatini, nikakuta ukurasa haupo. Hakuna maelezo, hakuna tarehe ya kuondolewa, hakuna jina la aliyeamua. Inawezekana tovuti ilihamishwa na kurasa zikapotea njiani. Inawezekana pia mtu alipiga simu. Msomaji hana njia ya kujua, na hilo ndilo kosa lenyewe. Duniani tayari kuna kampuni zinazoishi kwa kazi hii. Uchunguzi wa waandishi wa habari wa nchi kadhaa uliotoka Februari 2023 ulieleza jinsi kampuni ya Hispania iitwayo Eliminalia ilivyowafutia wateja wake habari, wakiwemo waliotuhumiwa kwa ufisadi, na mojawapo ya mbinu ilikuwa kutoa madai ya uongo ya hakimiliki dhidi ya habari za kweli.

Kwa watu waliobeba dhamana ya umma jibu langu ni hapana, hata miaka ikiwa mingi. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe ilisoma taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Miaka saba baadaye, mwaka 2015, alisimama kugombea urais na mamilioni wakampigia kura. Waliomkubali na waliomkataa wote walikuwa na haki ya kusoma yaliyosemwa bungeni, pamoja na utetezi wake mwenyewe. Kama mtu angeruhusiwa mwaka 2014 kusema kwamba hayo yamepitwa na wakati, wapiga kura wangenyang'anywa hoja. Vivyo hivyo kwa kashfa za fedha zilizotoka Benki Kuu: ile ya EPA, yaani akaunti ya madeni ya nje, na ile ya akaunti ya Tegeta Escrow. Aliyetia saini kwa niaba yetu asiombe kusahauliwa.

Katiba yetu imeweka mambo haya mawili jirani. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na familia yake. Ibara ya 18 inalinda haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na haki ya wananchi kuarifiwa kuhusu matukio muhimu ya maisha yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imewapa ninyi wa Tume kazi ya kusimama katikati. Inatambua kurekebisha, kuzuia na kufuta taarifa zisizo sahihi. Lakini wateja wangu wengi hawalalamikii taarifa isiyo sahihi. Wanalalamikia taarifa sahihi iliyochoka. Kenya nao wamekutana na pengo hilo: katiba yao ya 2010 inampa mtu haki ya kurekebishiwa au kufutiwa taarifa ya uongo au ya kupotosha, na sheria yao ya mwaka 2019 inataja hata taarifa iliyopitwa na wakati, lakini sheria hiyohiyo inauachia uandishi wa habari nafasi yake. Kwa hiyo kwao pia kazi kubwa iko kwa wahariri.

Inasikitisha kwamba tunajua kuharakisha tunapotaka. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zilimpa mtoa huduma saa mbili tu kuondoa maudhui yaliyokatazwa baada ya kuarifiwa. Saa mbili, mamlaka ikiuliza. Mwananchi akiuliza, barua pepe yake haijibiwi.

Basi ninachowaomba ni hiki. Tume itoe mwongozo mmoja kwa vyombo vyote vyenye hifadhi, usiachie kila gazeti libahatishe. Mwongozo useme kwamba mtu aliyekamatwa na hakushtakiwa, au aliyeachiwa na mahakama, akileta uthibitisho, habari iongezewe aya inayosema yaliyotokea baadaye na ukurasa uondolewe kwenye utafutaji wa jina, bila kusubiri miaka. Aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo na akamaliza adhabu yake asikilizwe baada ya muda. Mimi naona miaka mitano inatosha, ninyi mnaweza kuona vinginevyo, muhimu ni muda uandikwe. Watoto wasihitaji hoja yoyote. Jina na sura ya aliyekuwa mtoto habari ilipotoka viondolewe akiomba, na matokeo ya mitihani yenye majina yafungwe bila kusubiri aombe. Matangazo ya waajiri na ya minada yajitoe yenyewe kwenye injini za utafutaji baada ya mwaka mmoja, maana hakuna mtafiti wa kweli atakayeyatafuta kwa jina la mtu.

Wahariri, kwenu nina neno la pekee. Msifute. Hata pale mtakapolazimika kuficha jina, andikeni chini ya habari kwamba imebadilishwa, lini, na kwa sababu gani, na nakala ya asili iwekwe kwenye hifadhi isiyo ya mtandaoni. Uamuzi usiachiwe kijana wa tovuti ambaye hawezi kumkatalia mkubwa. Uwe na watu watatu walau, mmoja wao akiwa mtu wa nje ya chumba cha habari, na kila mwaka mchapishe maombi mangapi yalikuja, mangapi yalikubaliwa, na waombaji walikuwa watu wa aina gani. Google yenyewe huchapisha takwimu za maombi yake ya Ulaya. Gazeti la Kitanzania haliwezi kushindwa. Na mkianza leo kuandika habari za kukamatwa bila majina ya watu wadogo mpaka wafikishwe mahakamani, maombi haya yatapungua yenyewe.

Wasimamizi wa hukumu, kazi yenu ya kuziweka hukumu zetu kwenye tovuti yenu ya TanzLII bure kwa kila mtu naiheshimu sana. Nimeona mawakili vijana wasio na pesa ya vitabu wakisimama sawa na ofisi kubwa kwa sababu yenu. Lakini someni tena hukumu za ubakaji. Majaji wengi huficha jina la mwathirika, kisha jina la mama yake linabaki kama shahidi wa pili, na jina la kitongoji, na la shule. Kwenye kijiji chenye shule moja, binti huyo hajafichwa. Ombi langu kwenu ni njia ya Kanada kwa kesi za familia, za watoto na za makosa ya kujamiiana: zisomwe ndani ya tovuti na kila anayetaka, zisifike nje kwa utafutaji wa jina. Na mtu wa kupokea maombi ya kuficha majina yaliyoponyoka atajwe wazi kwenye ukurasa wa kwanza.

Mwisho, njia ya kuomba. Fomu iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, bila ada na bila kuhitaji wakili. Ipatikane kwenye tovuti ya Tume na pia kwenye ofisi za wilaya na maktaba za mikoa, kwa kuwa wengi wanaoumizwa na mtandao hawana barua pepe. Habari zao wanasomewa na watoto wao kwenye simu. Jibu litoke kwa maandishi ndani ya siku 30, likiwa na sababu, na anayekataliwa aelezwe pa kukata rufaa. Anayekubaliwa apewe barua yenye mhuri wa Tume aipeleke kwa kila tovuti iliyonakili habari yake. Sisi wakutubi tuko tayari kuzijaza fomu hizo pamoja na wananchi mezani kwetu, mkituletea.

Wenu katika kazi,

Mkutubi wa magazeti, Dar es Salaam